Daktari Gorgas, Adui wa Mbu

Tukitajiwa Mfereji wa Panama darasani, wengi wetu hukumbuka meli kubwa zikipandishwa na kushushwa kwa milango ya maji, na kwamba injinia fulani ndiye aliyeumaliza. Daktari hutajwa kwa mstari mmoja, au hatajwi kabisa. Mimi mwaka huu nimepewa kazi ya kiranja wa usafi, na kwa sababu ya kazi hiyo nimejisomea sana habari za daktari huyo. Napenda basi kuwaeleza wenzangu, pamoja na wanafunzi wa zamani wanaotusoma, maisha ya William Crawford Gorgas.

Alizaliwa tarehe 3 Oktoba 1854 karibu na mji wa Mobile, jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Baba yake alikuwa askari, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipotokea mwaka 1861 alishika upande wa Kusini, yaani upande wa wale waliotaka kuendelea na utumwa, akawa msimamizi wa silaha zao. Kusini ikashindwa mwaka 1865, na jamaa ile ikaonja umaskini. Hata hivyo kijana hakutamani kazi nyingine ila uaskari. Akaomba kuingia chuo cha kijeshi cha West Point, akakosa nafasi. Basi akazunguka kwa njia nyingine: akaenda New York kusoma uganga, akahitimu mwaka 1879, na mwaka uliofuata akapokewa jeshini kama daktari. Mtu aliyekuja kuwa daktari mashuhuri wa dunia alisoma uganga kwa sababu ya kupenda sare tu!

Mwaka 1882 alikuwa kambini Fort Brown, Texas, mpakani mwa Mexico, ikaingia homa ya manjano. Ugonjwa huu si malaria. Mgonjwa huanza kwa homa kali na maumivu ya mgongo, macho na ngozi hugeuka manjano, na akizidiwa hutapika damu nyeusi. Katika kambi ile alikuwako binti mmoja, Marie Doughty, shemeji ya mkuu wa kambi, aliyeugua hata kaburi lake likachimbwa tayari, na Gorgas akawekwa kuwa ndiye atakayesoma sala za maziko. Binti akapona. Gorgas mwenyewe akaugua, naye akapona. Baadaye wawili hao wakaoana. Tena aliyekwisha kuugua homa ya manjano akapona haugui tena maishani mwake, kwa hiyo toka siku ile jeshi lilimpeleka Gorgas kila mahali penye ugonjwa huo, maana haukumwezea tena.

Ndiyo maana, Wamarekani walipoichukua Cuba kutoka kwa Wahispania mwaka 1898, Gorgas akapewa usimamizi wa afya ya mji wa Havana. Siku zile madaktari wengi waliamini kwamba homa ya manjano yatokana na uchafu, na hewa mbaya, na nguo za wagonjwa. Tusiwacheke. Hata neno malaria maana yake ni hewa mbaya, katika lugha ya Kitaliani, nasi twalitumia kila siku. Gorgas naye aliamini hivyo hivyo. Akafagia mji wote, akazoa taka, akazibua mitaro, mpaka Havana ikawa safi kupita miji mingi ya kwao Marekani. Lakini mwaka 1900, walipofika wageni wengi kutoka Hispania, homa ya manjano ikazidi. Watu 310 wakafa mwaka huo katika mji uliokuwa ukimetameta kwa usafi.

Hapa hatuna budi kumtaja mzee mmoja wa Havana, Daktari Carlos Finlay, mzaliwa wa Cuba. Tangu mwaka 1881 mzee huyu alikuwa akisema kwamba homa ya manjano huchukuliwa na mbu, tena aliitaja aina ya mbu yule yule. Kwa miaka karibu ishirini walimdhihaki. Gorgas alimpenda mzee, wakawa marafiki, lakini hata yeye hakumsadiki, bali alijaribu kumtoa katika mawazo hayo. Mwaka 1900 ikaja tume ya madaktari wa jeshi, mkuu wao Walter Reed. Finlay akawapa mayai ya mbu wake. Mmoja wa tume ile, Jesse Lazear, akaumwa na mbu akafa mwezi Septemba, naye alikuwa na umri wa miaka 34.

Kisha Reed akajenga vijumba viwili. Katika cha kwanza akatia mashuka na nguo za wagonjwa na za wafu, zenye matapishi na damu, na watu waliojitolea wakalala humo siku ishirini mfululizo, huku wamefungiwa madirisha. Hakuugua hata mmoja. Cha pili kilikuwa safi kabisa, kimegawanywa katikati kwa wavu wa waya, upande mmoja mbu waliokwisha kunyonya wagonjwa, upande mwingine hakuna mbu. Aliyelala upande wa mbu akaugua, na wa upande wa pili wakabaki wazima. Mimi nikiisoma habari hii huwafikiria wale waliolala katika nguo za wafu, kwa sababu siku ya kwanza hawakujua kama ni wao watakaopona.

Basi Finlay na Reed ndio waliopata ujuzi huo. Kazi ya Gorgas ilikuwa nyingine, na kwangu mimi ndiyo ngumu zaidi: kuwaondoa mbu wa mji mzima wenye watu zaidi ya laki mbili. Hata Reed mwenyewe alikuwa na shaka kama yawezekana. Gorgas alianza mapema mwaka 1901 kwa kumchunguza adui yake. Mbu wa homa ya manjano, ambaye leo wataalamu humwita Aedes aegypti, ana madoadoa meupe miguuni, na huuma mchana. Hapendi kinamasi. Ni mbu wa nyumbani kama paka, hutaga mayai yake katika maji safi ya pipa, mtungi, birika, hata kopo lililotupwa, wala haruki mbali na nyumba aliyozaliwa. Yai hugeuka kiluwiluwi, na kiluwiluwi huwa mbu kamili kwa muda wa siku nane mpaka kumi hivi. Tena kiluwiluwi, ingawa huishi majini, ni lazima apande juu kuvuta pumzi. Ukimwaga mafuta ya taa juu ya maji, hata kwa utando mwembamba, hufa kwa kukosa hewa.

Vita vyote vya Gorgas vimesimama juu ya hayo machache. Aliugawa mji katika sehemu, kila sehemu na mabwana afya wake, nao wakapita nyumba kwa nyumba, chumba kwa chumba, wakaandika kila chombo cha maji. Pipa lilitakiwa kuwa na kifuniko cha wavu na bomba chini. Shimo la maji lisilofunikika likatiwa mafuta. Mwenye nyumba aliyekutwa na viluwiluwi akatozwa faini, na akisafisha upesi faini ikaondolewa. Nyumba yenye mgonjwa ilizibwa nyufa kwa karatasi ikafukizwa, na mgonjwa mwenyewe akawekwa ndani ya wavu asiumwe na mbu mwingine. Na kwa kuwa mbu hutimia kwa siku zaidi ya saba, lazima mabwana afya warudi tena na tena. Nami Jumamosi zangu za kukagua matangi ya maji ya mvua nimeona jambo hilo hilo: debe lililomwagwa wiki hii, wiki ijayo limo viluwiluwi tena, nao hurukaruka kama kwamba hakuna aliyewagusa.

Mwaka 1901 waliokufa Havana kwa homa ya manjano walikuwa 18, na wa mwisho kuugua alionekana mwezi Septemba. Mwaka 1902 hakufa hata mtu mmoja. Ugonjwa ulikuwa umekaa katika mji ule zaidi ya miaka mia.

Sasa twende Panama. Wafaransa, wakiongozwa na Ferdinand de Lesseps aliyechimba Mfereji wa Suez, walianza kuchimba huko mwaka 1881. Mwaka 1889 kampuni yao ikavunjika. Hesabu ya waliokufa haijulikani barabara, lakini hukadiriwa kupita 20,000, wengi kwa homa ya manjano na malaria. Hospitali yao juu ya kilima cha Ancon ilikuwa nzuri mno, yenye bustani za maua. Ili siafu wasiharibu maua, walizungushia miti vyombo vya maji, na ili wadudu wasipande vitandani, miguu ya vitanda iliwekwa katika mabakuli ya maji. Madirisha hayakuwa na wavu. Yaani walifuga mbu chini ya vitanda vya wagonjwa wa mbu! Aliyeingia kwa kuvunjika mguu aliweza kufa kwa homa ya manjano.

Wamarekani walipoipokea kazi ile mwaka 1904, Gorgas alipelekwa kuwa mkuu wa afya. Mtu angedhani kwamba baada ya Havana hakuna tena atakayebisha. Haikuwa hivyo. Wakuu wa tume iliyosimamia mfereji walikaa Washington na mikoba ya fedha, nao bado waliamini uchafu na hewa mbaya. Waliona kwamba kufukuza mbu ni mchezo wa kitoto. Akiagiza wavu wa waya, wakakataa au wakakata kiasi. Akiagiza dawa, zikaletwa kidogo, tena zimechelewa. Na mbu wakaendelea na kazi yao bila kungoja barua.

Mwanzoni mwa mwaka 1905 homa ya manjano ikaanza kuua wafanyakazi wa ofisini. Hofu ikaingia, Wamarekani wakajaza meli za kurudi kwao, na mwezi Juni injinia mkuu mwenyewe akajiuzulu. Tume mpya ikataka Gorgas aondolewe, awekwe mtu mwingine mwenye mawazo ya zamani. Rais Theodore Roosevelt akamwuliza shauri daktari rafiki yake, naye akamjibu kwamba akifuata njia ya zamani atashindwa kama Wafaransa, na akimwunga mkono Gorgas mfereji utachimbwa. Rais akachagua la pili. Akaja na injinia mkuu mpya, John Stevens, ambaye alisimamisha kazi ya kuchimba kwanza, akampa Gorgas watu, vyombo na fedha. Kwangu mimi Stevens astahili sifa kubwa, maana ni injinia aliyekubali kuweka sepeto chini ili daktari atangulie.

Zaidi ya watu 4,000 wakatiwa katika kazi ya mbu. Kwa mwaka mmoja walitumia tani 120 za pareto na tani 300 za salfa, na mafuta ya taa galoni 50,000 kila mwezi. Pareto ni yale maua meupe yanayolimwa katika nchi za baridi za jirani zetu Kenya, Tanzania na Rwanda, ambayo unga wake ukichomwa moshi huangusha mbu. Kila nyumba ya mji wa Panama ilifukizwa, nyingine mara nyingi. Pia maji ya bomba yaliingizwa mjini mwaka 1905, na watu walipopata bomba hawakuwa na haja tena ya kuweka mapipa, na bila pipa mbu huyu hana kwao. Tarehe 11 Novemba 1905 alikufa mtu wa mwisho wa homa ya manjano katika mji wa Panama. Husimuliwa kwamba Gorgas aliwaambia madaktari waliokuwa wakiupasua mwili ule wautazame vizuri, kwa kuwa hawatauona mwingine kama huo.

Malaria ilimshinda zaidi, naye alikiri. Mbu wake, Anofelesi, huuma usiku, huzaliwa katika kila shimo na kwato la ng'ombe lenye maji na majani, na mfereji ulikuwa ukichimba mashimo mapya kila siku. Gorgas alikausha vinamasi, akafyeka majani kwa yadi 200 kuzunguka makazi, akapitisha vijana wenye matangi ya mafuta migongoni, akaweka mapipa ya mafuta yakidondoka tone kwa tone juu ya vijito, na akagawa kwinini bure. Mwaka 1906, katika wafanyakazi 26,000, zaidi ya 21,000 walilazwa kwa malaria. Mwaka 1912, wafanyakazi wakiwa wamepita 50,000, waliolazwa walikuwa karibu 5,600. Malaria haikwisha, bali ilipunguzwa nguvu hata watu wakaweza kufanya kazi. Kanali Goethals, aliyemfuata Stevens mwaka 1907, hakumpenda Gorgas. Husemwa alimlaumu kwamba kila mbu anayeuawa hugharimu dola kumi, na Gorgas akamwuliza itakuwaje mbu mmoja wa dola kumi akimwuma kanali mwenyewe.

Lipo jambo jingine ambalo vitabu vingi vya sifa zake hulipita haraka, nami sitalipita. Waliochimba mfereji kwa mikono yao walikuwa hasa watu weusi kutoka Barbados, Jamaica na visiwa vingine. Hao walilipwa kwa fedha nyeupe na Wazungu wa Marekani kwa dhahabu, na hata madirisha ya kupokelea mshahara yalikuwa mbalimbali. Nyumba za Wamarekani zilikuwa na wavu wa waya kila dirisha. Watu weusi wengi walilala katika mabanda yaliyosongamana au vibanda visivyo na wavu. Katika miezi kumi ya kwanza ya mwaka 1906 walikufa Wazungu 17 katika kila elfu, na watu weusi 59 katika kila elfu. Ugonjwa ulioua wengi wao ulikuwa nimonia. Katika miaka yote ya Wamarekani, yaani 1904 mpaka 1914, hesabu ya serikali ni wafu 5,609, na karibu 4,500 kati yao ni watu weusi. Je, Gorgas alaumiwe? Hakuwa na mamlaka juu ya mishahara wala nyumba. Lakini alikuwa mtu wa Kusini, tena mtoto wa Kusini ile, na sikusoma popote kwamba alipiga kelele juu ya madirisha mawili ya mshahara. Alilofanya ni hili: aliona kwamba wakiruhusiwa kutoka mabandani wakajenga nyumba ndogo na wake zao, mbalimbali, nimonia hupungua. Wakaruhusiwa, ikapungua.

Jambo hilo ndilo lililomleta Afrika. Mwishoni mwa mwaka 1913 wenye migodi ya dhahabu ya Johannesburg walimwalika, kwa kuwa wachimbaji wao Waafrika, hasa waliotoka Nyasaland na kaskazini ya Msumbiji, walikuwa wakifa kwa nimonia. Aliyokuta ni mabanda yale yale ya Panama. Akashauri kila mtu apewe nafasi kubwa ya kulala, na wachimbaji waruhusiwe kuishi na jamaa zao vijijini badala ya kambi. Mwaka 1914, aliporudi kwao, alisema hadharani kwamba kama angechagua njia moja tu ya kuleta afya, angezidisha mshahara wa mfanyakazi mara mbili. Daktari wa mafuta ya taa alikuwa amefika mbali na pipa la maji.

Mwaka 1914 alifanywa Mganga Mkuu wa Jeshi la Marekani, na mwezi Agosti mwaka huo mfereji ukafunguliwa. Alikaa katika cheo hicho karibu muda wote wa Vita Kuu ya Kwanza, akastaafu mwaka 1918, wala hakutaka kupumzika. Mfuko wa Rockefeller ulikuwa ukitaka kuing'oa homa ya manjano duniani kote, naye aliamini kwamba yawezekana. Iliyobaki, alifikiri, ni kuusafisha mji mmoja mmoja. Mwaka 1920 akashika njia kwenda Afrika Magharibi kutafuta chanzo chake, lakini alipofika London akapatwa na kiharusi. Mfalme George wa Tano alikwenda hospitali mwenyewe kumpa nishani akiwa kitandani. Akafa mwezi Julai. Walimfanyia maziko katika kanisa kuu la Mtakatifu Paulo, kisha mwili ukapelekwa Arlington, makaburi ya askari wa Marekani. Uaskari alioutamani utotoni haukumwacha.

Safari aliyoikatiza ilimaliziwa na wengine, na sehemu yake ilikuwa hapa kwetu Uganda. Mwaka 1936 Mfuko ule ule ulianzisha Entebbe taasisi ya uchunguzi wa homa ya manjano, ambayo ipo mpaka leo kwa jina jingine. Wataalamu wake walijenga majukwaa juu kabisa ya miti, katika msitu wa Zika na kule Bwamba, wakakaa usiku na mchana wakihesabu mbu. Walichokiona Gorgas hakukijua. Homa ya manjano ya misitu yetu huishi kwa nyani na kima, hupitishwa na mbu wa vileleni ambao hawashuki mijini. Kisha kima wanaposhuka shambani kuiba ndizi, huumwa na mbu mwingine tena, anayezaliwa katika maji machache yanayokaa kwenye makwapa ya majani ya migomba. Mbu huyo ndiye humwuma mkulima. Mji huweza kufunika mapipa yake yote, lakini hakuna bwana afya awezaye kufunika kila kwapa la mgomba wa Uganda.

Na yule wa Havana hajafa. Yupo Mombasa na Dar es Salaam, katika mapipa na mipira ya magari iliyotupwa, na ndiye aliyeeneza homa ya dengi Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Kwa homa ya manjano tunayo chanjo, iliyopatikana mwaka 1937 na Max Theiler, mzaliwa wa Afrika Kusini, katika maabara za Mfuko huo huo, miaka kumi na saba baada ya Gorgas kuzikwa. Sindano moja yatosha. Uganda iliiingiza katika chanjo za kawaida za watoto mwaka 2022.